Yai la Pili

Haya yalimkuta rafiki yangu Wiebke mjini Bamberg, katika hoteli ndogo ya Bi Dörfler na bintiye. Wiebke ana digrii mbili na barua arobaini za "tunasikitika", Scheiße tupu, yaani mavi matupu. Usaili wa saa tatu asubuhi hiyo ulikuwa tumaini lake la mwisho.

Saa moja alishuka kunywa chai. Nje lilikuwa bado giza la Desemba, na kwenye chumba cha kulia taa imezimwa. Akasikia kijiko kikigonga yai: tok, tok, tok. Kisha kimya.

Bi Dörfler akaja na kahawa, akawasha taa. Hapakuwa na mtu. Mezani kwa Wiebke palikuwa na mayai mawili, kila moja limevishwa kakofia ka sufu lisipoe.

"Bi Dörfler, mimi niliagiza moja."

"La pili ni la mwenzako wa chumbani. Ndiye aliyetaka taa izimwe. Kasema tusikuitie teksi, eti huendi popote."

"Mwenzangu yupi? Niko peke yangu!"

"Haya, gombaneni wenyewe, mwanangu."

Wiebke akavua kakofia ka pili. Ganda lilikuwa tupu, limepinduliwa lionekane zima, kama yeye mwenyewe alivyokuwa akimdanganya mama yake utotoni. Lilikuwa bado la moto.