Kidonge Chini ya Ulimi

Kila asubuhi Swala alikaa dirishani akiwatazama wenzake wakienda shule. Walimpa jina hilo kwa sababu ya mbio zake. Siku hizi walimpungia mkono tu, wakapita. Miezi mitatu ilikuwa imepita tangu madaktari wamtoe vali iliyoharibika, kile kilango cha kupitishia damu ndani ya moyo, na kumwekea ya bandia.

"Mama, nitarudi lini uwanjani?"

"Mwanangu, dawa hii inazuia damu isigande. Ukigongwa mchezoni utavuja damu, tuanze kuhangaika," alijibu mama yake, fundi cherehani, huku akimpa kidonge na maji. "Haya, meza."

Maneno hayo yalimkaa kichwani. Kumbe nisipomeza, nitacheza! Akaanza kukibana kidonge chini ya ulimi. Mama akigeuka tu, anakitema. Wiki ya tatu, ngazi chache zilimfanya aheme. Akajikausha kimya. Siku ya kliniki ilikuwa karibu, naye alitamani mno kusikia kwamba amepona.

Huko kliniki, mpimaji mcheshi alimpaka jeli baridi kifuani. "Usicheke, bibie, moyo wako utanirukia!" Akapitisha kifaa cha eko, na moyo ukaonekana kwenye skrini ukidunda. Mara mzaha ukamwisha. Akamwita daktari.

Daktari alitazama kwa muda mrefu. "Siku ya upasuaji tuliipima vali hii kwa eko kabla ya kukufunga kifua. Mabawa yake mawili, kama ya mlango, yalifunguka vizuri. Leo moja linakwama. Damu imeganda hapo. Dawa unameza?"

"Anameza, tena mbele yangu!" mama akadakia.

Swala aliikodolea macho skrini. Bawa lilijaribu kufunguka, likaishia nusu.

"Simezi," alisema kwa sauti ndogo. "Ninazitema. Nilitaka kucheza, daktari. Nimechoka kuwatazama wenzangu."

Mama alimsogelea. Akamshika mkono, akaukaza.

Swala alilazwa siku kumi na mbili, akitiwa dawa ya kuyeyusha donge la damu kupitia mshipa. Alipopimwa tena, mabawa yote mawili yalifunguka na kujifunga barabara. Mpimaji akapiga makofi.

"Sasa nitacheza?" Swala akauliza.

"Michezo ya kugongana, hapana," daktari alisema. "Shule utarudi Jumatatu. Utaanza kwa kutembea, na mazoezi mengine tutaongeza polepole."

Machozi yakamlengalenga. Daktari akavuta kiti, akaketi karibu naye.

"Kutamani si kosa, binti yangu. Hata mimi ningetamani. Kosa ni kuficha. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Eko inatuonyesha vali, lakini hamu yako haiioni. Hiyo utuambie kwa mdomo wako, na mapema, tuitafutie njia pamoja."