Karani Aliyeanguka Kutoka Juu ya Paa

Jamaa zangu, kaeni niwaeleze yaliyompata Nicanor Huerta, maana wengine mmeyasikia nusu nusu, na habari ya nusu huumiza kuliko kukosa habari kabisa.

Mimi na Nicanor tuliishi nyumba moja iliyokatwa vipande viwili, huku ugenini, mashariki mwa mji wa Bakersfield. Ukuta uliotutenga ulikuwa mwembamba, akipiga chafya nilimwombea heri. Jumapili ile uani kwao kulikuwa shwari. Nicanor alikuwa akichoma nyama, mkewe Fidencia akigeuza chapati za mahindi, binti yao Yaretzi akiwamwagia maji watoto wa jirani kwa mpira wa bustani. Kwenye kiti kizuri kuliko vyote aliketi Evaristo Bañuelos, mwenye kampuni ya kuezeka mapaa. Yeye ndiye aliyembatizia Nicanor mtoto, kwa hiyo walikuwa wakiitana kompadre, neno ambalo kwetu huzidi undugu wa damu. Yeye ndiye aliyempa Nicanor kazi. Nyumba tuliyopanga, pande zote mbili, ilikuwa yake.

"Kompadre, nyama hii ukinipa kidogo nakufukuza kazi!" alisema Evaristo, na sote tukacheka.

Alhamisi iliyofuata Nicanor alianguka.

Walikuwa wakibandua vigae vya zamani kwenye paa la ghorofa, jua limewaka hadi lami inanata kwenye viatu. Kamba ya kujifunga hakuna. Kigae kimoja kilichomoka chini ya mguu wake, akateremka nacho hadi kwenye saruji. Wenzake wanasema sauti ya nyonga ilipovunjika ilisikika kama ubao.

Evaristo alifika upesi, nalo hilo tusimnyime. Alimbeba kwenye gari lake mwenyewe. Lakini njiani alimwambia hivi:

"Kompadre, nisikilize vizuri. Ukifika hospitali, sema ulikuwa nyumbani unakata matawi ya mlimau, ngazi ikakuponyoka."

"Lakini nimeangukia kazini," alisema Nicanor, meno yakigongana kwa maumivu.

"Kazini, nyumbani, mguu si ule ule? Gharama zote juu yangu. Au huniamini? Nani alimshika Yaretzi juu ya maji ya ubatizo?"

Nicanor aliingizwa ndani kwa kitanda cha magurudumu. Daktari akauliza, naye akajibu: mlimau.

Sasa nawauliza ninyi mnaonisikiliza: kwa nini tajiri aogope neno "kazini"? Sababu ni hii. Kila mwajiri hapa analazimika kuwakatia bima wafanyakazi wake, ili anayeumia atibiwe. Bima ya mtu apandaye paa ni ghali mara nyingi kuliko ya mtu aketiye ofisini, maana kiti hakimwangushi mtu. Basi Evaristo alikuwa amewaambia watu wa bima kwamba hana fundi hata mmoja. Kwa maelezo yake, Nicanor Huerta, mwenye viganja vigumu kama gome la mti, alikuwa karani wa kupokea simu. Sisi hatukulijua hilo. Nicanor mwenyewe hakulijua.

Mwanzoni Evaristo alilipa. Alileta mchele, maharage, hata maua. Daktari aliposema nyonga inataka kupasuliwa na kutiwa vyuma, akaguna: "Madaktari wa huku wanapenda visu." Akampeleka Nicanor kwa bibi mmoja mkandaji, hodari wa vifundo vilivyoteguka. Bibi wa watu alijitahidi, lakini mkono wa mkandaji hauungi nyonga. Mfupa ukajishika wenyewe, ukakaa kombo. Nicanor akawa hawezi kukaa wala kulala, ananing'inia kati ya kiti na ukuta. Nilimsikia akilia mchana, mwanamume mzima, mdomo kwenye mto ili binti yake asisikie.

Kisha Evaristo akaacha kuja.

Fidencia alimfuata hadi kwenye bohari la vigae. Alirudi uso umemkauka, akanieleza mlangoni kwangu.

"Mama Chayo, nimemwambia, 'Kompadre, mume wangu anaoza.' Akanijibu kwa upole, kama padri. 'Komadre, Nicanor alimwambia daktari kwa mdomo wake kwamba alianguka nyumbani. Akigeuza maneno leo, mwongo ni nani? Na mwongo asiye na karatasi za nchi hii hafungwi, anarudishwa kwao. Kisha mtaishi wapi? Na Chema?'"

Chema ni mdogo wake Fidencia. Nicanor alipoanguka, Evaristo alimpa Chema nafasi ile ile juu ya paa lile lile.

Mnaona basi? Kila mlango waliougusa ulikuwa na mkono wa mtu mmoja. Kazi yake, nyumba yake, shemeji yuko kwake, ubatizo wake. Hata uongo ulikuwa wake, ila sasa uliandikwa kwa jina la Nicanor. Kuna mitego ambayo mtegaji hukaa mezani na kula pamoja na panya, na hiyo ndiyo migumu kuitambua.

Fidencia alitaka kusema. Nicanor alikataa. Niliwasikia kupitia ukutani:

"Ukifungua mdomo umetumaliza sote."

"Tumeshakwisha, Nica! Hujioni?"

"Yule ni kompadre wangu."

"Basi mwambie kompadre wako aje akuogeshe!"

Mambo yaligeuzwa na muuguzi mmoja wa kliniki, mwanamke mnene mwenye maneno makali. Fidencia alikwenda kuomba dawa za maumivu. Muuguzi akatazama picha ya mifupa, akamtazama yeye.

"Mumeo anafanya kazi kwa Bañuelos?"

Fidencia akageukia mlango.

"Nauliza kwa sababu watu wa Bañuelos wananifurahisha. Kila mmoja wao anaanguka kutoka kwenye mlimau. Milimau ya mji huu ina hasira gani na wale watu?" Kisha akaacha mzaha, akamshika mkono. "Mama, iko namba ya simu ya kuripoti waajiri wanaodanganya bima. Unaripoti bila kutaja jina lako. Wanasema lugha yetu. Na mguu ule ukichelewa zaidi, hata Mtakatifu Yuda, msaidizi wa waliokata tamaa, hatauweza."

Fidencia alipiga simu jikoni kwangu, mgongo umeegemea jokofu kana kwamba mtu angelisukuma limwangukie. Alisema haraka haraka, akakata, akakaa sakafuni. "Nimefanya nini, Mama Chayo?" Nilimpa maji.

Kisha kimya. Wiki zikapita tukadhani sauti ile ya simuni imelala. Kumbe wapelelezi walikuwa kazini. Walikaa ndani ya magari ng'ambo ya majengo, wakiwatazama "makarani" wa Evaristo wakibeba vigae begani.

Siku walipokuja nyumbani, Evaristo alikuwamo ndani. Alikuwa amesikia fununu, akaja na mkate mtamu na maneno matamu. Nami nilikuwa nimewapelekea supu. Mlango ukagongwa. Akaingia mwanamke wa makamo, viatu vya chini, akajitambulisha kuwa Lorena Quiñones, mpelelezi wa ofisi ya mwendesha mashtaka wa kaunti.

Evaristo alisimama kumpokea kabla ya wenyeji. "Karibu, karibu! Mimi ndiye mwajiri wake. Karani wangu huyu, mtu mwaminifu sana. Ajali ya nyumbani, masikini."

"Nimefurahi kukukuta, bwana Bañuelos. Ila nimekuja kuzungumza naye." Akamgeukia Nicanor. "Simu ya ofisi ikilia, huwa unaitikiaje?"

Nicanor alikuwa ameegemea ukuta, jasho linamtoka. Akamtazama kompadre wake. Evaristo akatabasamu na kuinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayemfundisha mtoto sala.

"Naitikia... halo," alisema Nicanor.

Nilitamani sakafu inimeze. Fidencia alijiziba uso.

Lorena hakumcheka. Alisema taratibu, "Asubuhi hii nimepita kwenye kanisa la Mtaa wa Niles. Juu ya paa, ukingoni kabisa, yupo kijana hana kamba. Wenzake wanamwita Chema."

Fidencia alitoa sauti ambayo sijapata kuisikia tena.

"Chema ni mwangalifu," alisema Evaristo. "Kijana mwangalifu sana yule."

Hapo Nicanor akaacha ukuta. Alisimama kwa mguu mmoja.

"Hata mimi nilikuwa mwangalifu, Evaristo."

Hakumwita kompadre. Sote tulilisikia pengo lile.

"Mama," akamwambia mpelelezi, "mimi si karani. Ofisi yake sijui hata mlango wake ni wa rangi gani. Mimi ni fundi wa kuezeka. Nilianguka kazini, nikasema uongo hospitalini kwa sababu huyu aliniomba, na nilimpenda. Karatasi sina. Nifungeni. Lakini kwanza mteremsheni yule mtoto."

"Sikuja kuuliza karatasi," alijibu Lorena, huku ameshatoa simu. "Aliyeumia kazini ana haki ya kutibiwa, awe nazo asiwe nazo. Na anayemtisha kwa karatasi hizo anajiongezea kosa. Sivyo, bwana Bañuelos?"

Evaristo aliketi. Mara akawa mzee. "Wenzangu wote wanafanya hivi," alisema. "Ningelipa bima yote, ningepata wapi kazi za kuwapa? Nimelisha nusu ya mtaa huu. Mnaniua."

Supu ilipoa mezani.

Chema aliteremshwa mzima. Evaristo alishtakiwa, na mbele ya hakimu akakiri. Mafundi wengine walioanguka walijitokeza, mmoja mmoja, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na mlimau nyumbani kwake. Bima ililazimika kumtibu Nicanor. Daktari alikata mfupa ule upya, akaunyoosha na kuutia vyuma. Lakini alisema wazi: ungepasuliwa mara tu ulipovunjika, ungetembea sawasawa. Sasa utachechemea maisha yako yote, na paa hutalipanda tena.

Wala msidhani mtaa ulimshangilia. Kampuni ilifungwa, watu wakakosa kazi, nasi tukapoteza nyumba. Siku moja mlangoni mwa kanisa, fundi mmoja alimtemea Nicanor mate karibu na viatu: "Msaliti. Umemuuza kompadre wako." Nicanor alimwangalia akasema, "Una watoto wawili, Gumaro. Nimemuuza kompadre ili warudiwe na baba yao jioni." Gumaro akaondoka. Mpaka leo hawasalimiani.

FUNZO

Ndugu zangu, mwajiri anayeiibia bima haibi kwa matajiri walioko mbali. Anaiba kitanda cha hospitali utakachokihitaji siku ukianguka. Mwajiri mwaminifu naye anakosa kazi, kwa sababu mwizi anaweza kutoza bei ndogo.

Ukiumia kazini, sema kazini, siku ile ile, hata kama aliyekuajiri amekubatizia mtoto. Ukijua wizi huu, ripoti, maana kusema bila kutaja jina ni bora kuliko kutaja jina kwenye ibada ya mazishi. Na wewe mwenye kampuni, usijifiche nyuma ya wema wako. Mkate uliompa mtu jana haukupi ruhusa ya kuuza mifupa yake leo.

Wema wa kweli haumwombi mtu aukane mwili wake mwenyewe. Atakayekuomba hivyo, mwite jina lolote upendalo, lakini usimwite ndugu.