Kidonge cha Baba

Kila asubuhi nyumbani kwao Kiminini, Nasambu alikuwa na kazi moja kabla ya kufunga kamba za viatu: kumpelekea baba yake bilauri kubwa ya maji. Mzee Wabwile alimaliza viazi vitamu vyake, akameza kidonge kimoja, akanywa maji yote.

"Asante, daktari wangu," alimwambia.

Alikuwa na saratani ya damu, ile inayokwenda polepole. Kidonge hicho ndicho kilichomwezesha kulima shamba lake, mwaka wa tatu sasa.

Mwezi wa Julai alirudi kutoka kliniki ya Kitale na karatasi ya majibu, akaiweka juu ya kabati. Nasambu, hodari wa sayansi katika Gredi ya Saba, aliisoma bila ruhusa. Alielewa mstari mmoja tu: baadhi ya chembe za damu zimepoteza kromosomu Y.

Siku mbili baadaye Mwalimu Joan alifundisha kwamba kromosomu Y ndiyo humfanya mtoto azaliwe mvulana. Hillary alikuwa tayari amejibu maswali mawili. Nasambu hakutaka kupitwa, akasimama.

"Mwalimu, baba yangu amepoteza Y yake. Nimeona kwa karatasi ya hospitali."

"Ati nini?" Hillary akasema. "Kwa hivyo sasa una mama wawili?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu aliwakemea, lakini kengele ikalia kabla hajaeleza lolote. Nasambu mwenyewe alicheka kidogo, ili asionekane ameudhika. Kicheko chake hicho ndicho kilichomchoma baadaye kuliko yote.

Agosti ilikuwa karibu, na mwaka huo ulikuwa wa tohara. Ian, mtoto wa shangazi Phelista wa Bumula kule Bungoma, angetahiriwa. Kwa desturi ya Wabukusu, mjomba humchinjia kijana fahali na kumvika shingoni luliki, ukanda wa nyama ya kifuani, siku moja kabla ya kisu. Mjomba wa Ian alikuwa Wabwile.

Jumamosi, maneno ya darasani yakiwa yameshaenea, Nasambu alikwenda na baba yake kwenye kinu cha unga, na jirani yao Kizito akamwita baba mbele ya watu.

"Wabwile, ati hospitali imekugeuza mama? Sasa huyo kijana atavikwa luliki na mwanamke?"

Watu walicheka mpaka mwenye kinu akazima mashine asikie. Wabwile alibeba unga wake akaenda nyumbani, Nasambu nyuma yake.

"Phelista atafute mjomba mwingine," alisema mlangoni.

Kesho yake Nasambu alipeleka maji. "Weka hapo," baba alisema. Jioni bilauri ilikuwa bado imejaa. Mama, aliyetoka alfajiri kuuza mboga Kitale, hakujua. Siku ya tano Nasambu alitikisa kopo la dawa. Lilikuwa zito vilevile.

"Baba, ni mimi," alisema akitazama sakafu.

"Wewe nini?"

"Nilisoma karatasi yako. Nikasema darasani."

"Mimi nimekuwa nikiwakasirikia watu wa hospitali, nikidhani wao ndio waliotoa siri, hata dawa yao nikaikataa," Wabwile alisema. "Na wewe unaniletea maji kila siku, unanyamaza."

Angemchapa, ingekuwa nafuu. Nasambu alilia, kisha akasema, "Twende kliniki, baba. Nitamwambia daktari mimi mwenyewe."

Daktari Ngige alimsikiliza hadi mwisho, akamgeukia baba.

"Mzee, Y imepotea katika chembe kadhaa za damu tu. Sehemu nyingine zote za mwili wako zinayo. Hata wazee wasio na ugonjwa huu huipoteza hivyo. Peke yake haisemi kwamba hali yako itakuwa mbaya. Tutaifuatilia kwa vipimo. Kinachoniogopesha ni hizi siku bila dawa. Ukimeza, ugonjwa unalala. Ukiacha, unaamka."

"Si ungeniambia hivyo siku ile ya karatasi?"

"Ni kweli, mzee. Nilikupa karatasi bila maelezo. Nisamehe."

Walipima damu tena. Ugonjwa haukuwa umepanda. Jioni hiyo Wabwile alimeza kidonge chake, akampigia Phelista simu: mjomba wa Ian ni yeye.

Jumatatu Nasambu aliomba ruhusa ya baba, na darasani akasimama pale pale alipokuwa amesimama siku ile, akaeleza upya. Hillary hakucheka. "Sasa atakuwa sawa?" aliuliza.

"Akimeza dawa kila siku."

Agosti Ian aliwasili kutoka Bumula akipiga njuga, waimbaji wakimzunguka. Majirani walijaa uani, Kizito akiwa mbele. Fahali alikuwa ameshachinjwa. Kabla ya kushika nyama, Wabwile aliita kwa sauti, "Daktari wangu, maji yako wapi? Leo nimechelewa."

Nasambu alikuja na bilauri. Baba alimeza kidonge mbele ya wote, akimtazama Kizito, kisha akamvika Ian luliki. Kizito alitazama viatu vyake.

Waimbaji walipoondoka, Wabwile alimketisha binti yake.

"Masomo yako nayapenda. Lakini ugonjwa wa mtu ni habari yake. Yeye ndiye wa kuitoa. Na ukielewa jambo nusu, uliza kwanza, ndipo useme. Neno lako lilikaribia kuniua zaidi kuliko ugonjwa."

"Nimesikia, baba."

"Basi kesho usichelewe na maji."

Nasambu aliipokea bilauri tupu kwa mikono miwili.