Uzi Mwekundu wa Kikombe

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mejumaa alikuwa akitandika mkeka na kupanga sahani ya mahamri, bakuli la mbaazi na vikombe vitatu vya chai. Viwili vilikuwa vya maua ya samawati. Cha tatu kilikuwa cha bati, na kwenye mkono wake kulifungwa uzi mwekundu. Hicho kilikuwa cha mjomba wake, Zein.

Uzi huo aliufunga Nyanya Bimdogo, bibi yake Mejumaa, aliyekuwa mkuu wa nyumba yao ya Mji wa Kale. Zein, mwanawe wa mwisho, alikuwa amejidunga sindano za unga wa kulevya kwa miaka minne. Sasa alikuwa ameacha na kurudi nyumbani, na kila siku alikwenda kituo cha afya kunywa dawa ya kumsaidia asirudie. Lakini majirani walimwambia Bimdogo kwamba wadungaji wana homa ya ini, nayo huambukiza kwa vyombo. Ndipo akamtengea mwanawe kikombe, sahani na kijiko.

"Sabalkheri, Mama," alisema Zein asubuhi moja ya Jumatano, akikaa mkekani.

"Sabalkheri, mwanangu. Kunywa chai, itapoa."

Zein akakigeuzageuza kikombe. "Mama, hiki kimefungwa hirizi?"

Mejumaa alicheka. Nyanya hakucheka. "Kunywa. Maneno hayashibishi," akasema, akaenda jikoni kuepua mahamri.

"Mjomba, kule kituoni hawakupimi?" Mejumaa akauliza.

"Bi Nanjala hunisumbua kila siku nipime homa ya ini ya aina ya C. Mimi sitaki. Sindano nilikuwa na yangu." Zein akashusha sauti. "Na nikikutwa nayo, kikombe kimefungwa uzi. Mimi nitafungwa nini?"

Jioni ya siku hiyo Mejumaa alikuwa akichora ramani ya Kenya, kazi ya shule, penseli ikavunjika. Kichongeo chake kilikuwa kimepotea tangu wiki iliyopita. Juu ya dirisha kulikuwa na kopo la kahawa lenye wembe wa nyumba. Nyanya aliutumia kufumulia mishono na kumkatia Mejumaa kucha, na Zein aliutumia kunyolea ndevu. Mejumaa alikuwa amekatazwa kuugusa. Aliutoa, akachonga, wembe ukateleza. Tone la damu likaanguka katikati ya Bahari Hindi.

"Umefanyaje?" Nyanya akauliza alipoona kidole gumba kimefungwa kitambaa.

"Nimekatwa na kifuniko cha kopo la maziwa."

Nyanya akamwosha kwa sabuni na maji mengi, akamfunga kitambaa safi. Mambo yakaishia hapo.

Kesho yake alasiri alikuja Bi Nanjala, mhudumu wa kituo, kumjulia hali Zein. Alikaribishwa chai, tena katika kikombe cha maua. Akakiona kile cha bati.

"Mama Bimdogo, uzi huu ni wa nini?"

Nyanya alimweleza bila kuficha. Bi Nanjala akasikiliza mpaka mwisho.

"Mama, virusi vya homa ya ini ya C hutoka katika damu ya mtu vikaingia katika damu ya mwengine. Havipiti kwa kikombe wala kwa kushikana mikono. Hupita kwa sindano iliyotumiwa na mwengine, hata kwa kijiko na maji ya kuchanganyia unga. Ndiyo maana wale ambao hawajaacha tunawapa sindano mpya, kila mtu na zake."

Zein akainamisha kichwa. "Sindano nilikuwa na yangu. Kijiko kilikuwa kimoja, sote watano."

"Basi pima, kaka. Mtu hukaa nayo miaka haumwi popote, na ini linaharibika kimyakimya. Dawa ipo, na wengi hupona." Kisha akamgeukia Nyanya. "Na wembe je? Kila mtu ana wake?"

Nyanya akatazama dirishani.

Kidole cha Mejumaa kilianza kupwita. Akinyamaza, hapana atakayejua. Akisema, ataonekana mwongo. Lakini je, kama kitu kimeshaingia katika damu yake?

"Nyanya," akasema, "sikukatwa na kopo. Nilichonga penseli kwa wembe."

"Wembe upi?" Zein akauliza.

"Ule wa dirishani."

Zein akapapasa kidevu chake. Jana asubuhi alikuwa amenyoa kwa wembe huo, akajikata. Akasimama. "Bi Nanjala, kituo hufungwa saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Twendeni. Nianze mimi."

Kituoni walitobolewa kidole, tone moja tu, na majibu yakatoka kabla ya nusu saa. Kipimo cha Zein kilionyesha kuwa virusi vimewahi kuingia mwilini mwake. Akatolewa damu mkononi kwa kipimo cha pili, na baada ya siku chache ikathibitika kuwa bado anavyo. Mejumaa hakukutwa na kitu. Hata hivyo daktari alimwambia kuwa virusi huchelewa kuonekana, kwa hiyo arudi kupimwa tena. Akampima na magonjwa mengine ya damu. "Umefanya vyema kusema mapema," akamwambia.

Zein alimeza vidonge kila siku kwa wiki kumi na mbili. Miezi mitatu baada ya kuvimaliza alipimwa: virusi havikuwapo. Mejumaa naye alikuwa ameshapimwa tena, yuko salama.

"Lakini kupona si kinga," Bi Nanjala alimwonya Zein. "Na chanjo ya aina hii hakuna. Ukishiriki sindano au wembe, waweza kuambukizwa tena."

Siku hiyo Nyanya aliufungua uzi mwekundu kwa mikono yake. Hakuutupa. Alikwenda dirishani, ambako sasa palikuwa na vikopo viwili vya nyembe na kichongeo kipya, akaufunga kwenye kikopo cha Zein. Kisha akammiminia mwanawe chai katika kikombe cha maua.

"Mejumaa, mjukuu wangu," akasema, "tulikiogopa kikombe, na hatari tuliiweka dirishani tukawa twaikatia kucha. Anayekisia huogopa kisichokuwa. Anayepima hujua. Na wewe uliongopa, hilo sikusifu. Lakini lau ungeendelea kunyamaza na kidole chako, mjomba wako angenyamaza na ini lake."