Leva Nyuma ya Kizuizi

Jirani wa fundi wa injini na dada yake, mshona nguo anayekaa mkabala na uwanja wa ndege, anaapa kwamba asubuhi ile aliisikia ndege ikikohoa mara tatu juu ya paa lake, naye akasema palepale, "Hii haifiki." Anasema pia kwamba fundi huyo alikuwa akipiga miayo tangu jana yake. Mdomo hauna kufuli. Fundi akanyang'anywa funguo za karakana kabla hata walioanguka hawajapatikana.

Dada yake fundi alikuwa ndani ya ndege hiyo, na hakusikia kikohozi chochote.

Kazi yake ilikuwa kupima na kupakia mizigo. Siku hiyo alikaa mbele, kando ya rubani, maana nyuma palijaa magunia ya viatu ya mama mmoja mfanyabiashara, abiria pekee. Mikono ya rubani aliitazama kama mtu anavyotazama mkono wa muuza nyama kwenye mizani. Leva, vijiti vya kuongozea injini, zilikuwa tatu: ya nguvu, ya propela na ya mafuta. Kaka yake alimfundisha wakiwa mezani, kwa kupanga vijiko.

"Ukitua, ya propela sukuma mbele yote. Ya nguvu rudisha mpaka igonge kizuizi. Komea hapo. Nyuma ya kizuizi ni pa ardhini tu. Huko mabapa ya propela yanajigeuza, yanasukuma upepo mbele, yanakuwa breki. Na hewani, dada'angu, nani anataka breki?"

Lakini uwanja waliouendea ulikuwa mfupi, ukanda wa changarawe katikati ya msitu, na marubani wa njia ile walikuwa na mchezo wao waliouita kuiba mita. Waliinua leva juu ya kizuizi magurudumu yakiwa bado hewani, shibiri moja tu kutoka ardhini, ili breki ikamate papo kwa papo.

Siku hiyo upepo uliibeba ndege ghafla hadi kimo cha miti, na vidole vya rubani vilikuwa vimekwisha kuinua. Akavuta. Injini ikanguruma, propela ikawa ukuta, ndege ikadondoka kwenye kinamasi cha matete kama tofali lililomponyoka mwashi.

Redio ilikufa. Uwanjani hapakuwa na mtu, kwa kuwa gari la kupokea mizigo lilikwama njiani kwa mvua.

"Mguu umekwenda," alisema mama wa viatu, akiutazama mfupa uliotunisha ngozi. "Magunia manne ya viatu, na mguu wa kuvivaa sina!"

Dada mtu akaufunga kwa ubao wa kreti na kamba za viatu. Rubani aliegemea gurudumu, mbavu zimeumia, kiatu kimoja kimezama matopeni.

"Injini imenizimikia," alisema, wala hakuulizwa.

"Haikuzima, Kapteni. Ilinguruma."

"Wewe mpakia magunia unajua nini?"

"Najua kusikia."

"Kaka yako kanipa kitu kibovu. Ningekuwa wewe, ningenyamaza."

Tangu hapo dada mtu hakumpa rubani kisogo. Leva ya nguvu ilikuwa bado nyuma ya kizuizi. Wakaguzi wa ajali wakija, wataiona wenyewe. Kila rubani alipotaka kuingia ndani, mara ramani, mara miwani, yeye aliwahi kusimama.

"Kaa, Kapteni, mbavu hizo. Nitakuletea."

"Unanilinda au unanichunga?"

"Vyote viwili. Shikamoo yako iko palepale."

Siku ya pili dumu la maji likakauka. Maji ya kinamasi yalinuka mafuta. Mama wa viatu alishikwa na homa, midomo ikampasuka, akaanza kuwauzia viatu watu wasiokuwapo. Mbali, ng'ambo ya matete, kijito kilisikika. Kwenda na kurudi, saa nzima.

Dada mtu alisimama na dumu mkononi. Akiondoka, leva inabaki na rubani. Akikaa, mama anakufa.

"Nenda," rubani akasema kwa upole. "Sisi tutakwenda wapi?"

Upole ule ulimtisha kuliko matusi. Akaenda. Alikunja matete ili asipotee, tope likimfika mapajani, majani yakimchana mikono, na njia nzima alitega sikio nyuma.

Aliporudi alimnywesha mama kwanza, kidogo kidogo, mpaka macho yakamtambua. Ndipo akachungulia ndani, penye kiti cha rubani. Leva ilikuwa mbele ya kizuizi, imetulia kama haijawahi kutoka hapo. Chini ya mlango tope lilikuwa na nyayo: moja ya kiatu, moja ya mguu mtupu. Mvua ya alasiri ikazifuta.

Siku ya tatu mapanga yalisikika, kisha wanaume wakatokeza na machela. Mkubwa wao akauliza, "Nani atanieleza ilivyokuwa?"

Dada mtu akachuchumaa kando ya rubani; neno la dada wa fundi peke yake nani angeliamini? Kwa yale maji hakujuta; mama alikuwa hai, tena akibishana na wabebaji juu ya magunia yake.

"Kapteni, kaka yangu hana mali ila mikono yake. Sitaki ufungwe. Waambie leva ilikuwa wapi. Wewe mwenyewe, kwa mdomo wako."

Rubani alipokea dumu, akanywa, akafumba macho. Machela ikainuliwa. Dada mtu akatembea kando yake, mkono juu ya mti wa machela, mpaka matete yakaisha na changarawe ikaanza, akingoja aseme.