Nani Alifunga Bomba?

Barafu ya mto Vitim ilipasuka ghafla, ikaimeza pikipiki ya theluji na mzigo wote wa ngozi. Nikifor na shemeji yake Yegor wakaponea chupuchupu. Lakini mguu wa Nikifor ulilowa hadi gotini, na kwa baridi ile mguu uliolowa ni mguu wa kukatwa. Dhoruba nayo ikawashukia papo hapo. Yegor akambeba mgongoni, akaanguka, akainuka, akambeba tena, mpaka wakakiona kibanda cha wawindaji kati ya misonobari.

Kuni zilikuwepo. Katika msitu ule mtu haondoki kibandani bila kumwachia kuni atakayekuja. Ila zilikuwa chache, na jiko la matofali lilikuwa halijawashwa tangu majira ya baridi yaanze. Yegor akaliwasha, akamlaza Nikifor sakafuni karibu na mlango.

"Huku upepo unanipiga!" Nikifor akafoka.

"Vumilia, shemeji. Mguu ulioganda haupelekwi motoni, utaoza."

Kuni zikaungua, zikabaki makaa. Jiko la namna ile hufungwa kifuniko cha bomba la moshi, ili matofali yashike joto hadi kesho. Ukichelewa kufunga, joto linakwenda zake juu. Ukiwahi, sumu ya makaa inabaki ndani, utakwenda wewe. Yegor akachungulia ndani. Miali ya buluu, alama ya sumu hiyo, ilikuwa bado inacheza juu ya makaa.

"Funga," Nikifor akasema, meno yakigongana.

"Bado. Buluu ipo."

"Kuni zimekwisha, joto linapotea, na wewe unatazama rangi! Ndiyo maana dada yangu anasema ameolewa na bikizee."

Yegor, maskini, alikuwa amechoka hoi kwa kumbeba huyo huyo anayemtukana. Akasukuma kifuniko, bomba likafungwa, akajilaza kwenye benchi kando ya jiko, usingizi ukamchukua.

Nikifor aliamka kichwa kinapasuka, anatapika.

"Yegor! Fungua mlango!"

Akajikokota mwenyewe, akausukuma mlango kwa bega, theluji ikamwagika ndani. Akamvuta mwenzake kwa kola, akamsugua uso kwa theluji, akamzaba makofi, akamwita majina yote mabaya aliyoyajua, halafu yote mazuri. Uso wa Yegor ulikuwa mwekundu kama wa mtu aliyetoka kuoga maji ya moto. Pumzi hakuna. Upepo wa chini ya mlango ulikuwa umemwokoa mmoja tu.

Dhoruba ilipotulia, wawindaji wa ng'ambo ya mto waliliona tundu kwenye barafu, wakaja moja kwa moja kibandani. Wakawarudisha wote wawili kijijini kwa sleji moja, wakiikokota juu ya theluji. Mguu ukakatwa.

Agafya, mjane wa Yegor, alikaa kando ya kitanda cha kaka yake. Aliuliza lile ambalo kila mtu huko huuliza.

"Nani alifunga?"

Nikifor akageukia ukutani.

"Yeye. Mimi nilikuwa siwezi hata kusimama, dada."

"Mpumbavu yule!" Agafya akapiga kelele. "Mpumbavu! Hata kusubiri makaa yafe kumemshinda!"

Akaendelea kumlaani marehemu mpaka sauti ikamkauka, na Nikifor akamwacha amlaani.