Mbavu Sita za Mtoto Mchanga

Kila asubuhi Efrazia alichota maji, akafagia uwanja, kisha akaenda na wenzake kupalilia maharage ya shamba la kijiji kabla ya kengele ya darasa. Mwaka ule wa 1974, wanafunzi wa darasa la tano katika kijiji chao, karibu na Lukozi, walilijua jembe kuliko hesabu. Efrazia hakuwa hodari wa jembe wala wa hesabu. Sifa yake ilikuwa moja: akiambiwa jambo na mkubwa, amelishika.

Alhamisi moja hakwenda shule. Mdogo wake, aliyezaliwa nyumbani siku mbili kabla, alikuwa akihema haraka haraka, na mama yao alikuwa na homa kali. Baba yao, Mzee Hezekia, aliomba lori la kijiji liwapeleke hospitali ya misheni.

Kabla hawajaondoka, Bibi Yudith alimvuta Efrazia kando. Alikuwa amemfunga mtoto kipande cha kaniki tumboni, akakikaza sawasawa, ili kitovu kisije kikatokeza. Ndivyo alivyowafunga wajukuu wote. Akamwapisha Efrazia kwamba hatakifungua, wala hatawaambia wauguzi, maana wauguzi kazi yao ni kukata kila wanachokikuta.

Hospitalini mama alilazwa, na Efrazia akaambiwa ambebe mtoto hadi chumba cha eksirei. Mpiga picha, Bwana Silvano, aliitikia shikamoo yake, akamwagiza amvue mtoto nguo zote isipokuwa nepi. Efrazia aligeuka, akaivuta nepi juu mpaka ikaifunika kaniki.

Silvano alipenda kueleza kazi yake, hata kwa asiyeuliza. Alisema kwamba mtoto mchanga hupigwa picha anapovuta pumzi, mapafu yakiwa yamejaa hewa. Kisha daktari huhesabu mbavu zilizo juu ya kiwambo, yaani msuli unaotenga kifua na tumbo. Zikifika nane hivi, mapafu yamefunguka vizuri.

Picha ilipokuwa tayari, Daktari Abrahamu aliiinua juu kwenye mwanga, akahesabu. Mbavu zilikuwa sita. Akamwambia Mzee Hezekia kwamba mapafu ya mtoto hayajafunguka, hivyo lazima apelekwe hospitali kubwa ya Tanga mchana huo huo. Mama hangeweza kwenda naye kwa homa ile, na mvua ilikuwa inanyesha njia yote ya kushuka milimani hadi Mombo.

Efrazia aliitazama ile picha, akaikumbuka kaniki iliyokazwa tumboni, chini ya mbavu hizo. Kaniki haikuonekana hata kidogo, wala hakuna ambaye angejua. Alimwogopa bibi yake, lakini aliogopa zaidi mtoto asije akafia njiani.

"Daktari," alisema, "kuna kitu sikukivua."

Nepi ikafunguliwa. Chini ya kaniki, ngozi ilikuwa na alama nyekundu. Daktari alieleza kwamba tumbo lililobanwa husukuma kiwambo juu, na mapafu hukosa nafasi ya kujaa. Picha ikapigwa upya. Mara hii mbavu zilikuwa nane. Mtoto bado alikuwa na maji kidogo kwenye mapafu, lakini hayo yangetibiwa pale pale, karibu na mama yake.

Silvano hakumgombeza Efrazia. Alimwambia tu, "Mashine yangu inaona mifupa. Kitambaa haikioni. Hicho mpaka mtu aseme."

Jumapili Bibi Yudith alikuja na chungu cha uji. Mama alikuwa ameketi kitandani akinyonyesha, na mtoto alihema taratibu. Efrazia alimweleza bibi yake habari za zile picha mbili, na kwamba amevunja kiapo, akangoja kufokewa. Bibi aliweka chungu chini, akamtazama mtoto.

"Kosa ni langu niliyekuapisha," alisema. "Anayetibu mgonjwa aambiwe kila kitu, Efrazia. Hata kama anayekukataza ni mimi."